Baada ya Siku Tatu



Juma lililopita, nikirejea nyumbani baada ya alfajiri, nilikutana mlangoni na jirani yangu, mama mtu mzima ambaye ndiye aliyenifunza kuumua mahamri nilipoolewa. Alinitazama kuanzia viatu vyangu vya raba hadi mtandio uliolowa jasho, akatikisa kichwa, akaniuliza, "Mwanangu, kila uchao wakimbia. Hebu nambie, wamkimbia nani?"

Nilicheka, nikambusu mkono, nikaingia ndani. Lakini swali lake halikunitoka. Wengi wenu mmeniuliza vivyo hivyo, harusini na hitimani, nami hujibu kwa mzaha. Leo nimeazimia kujibu kwa kweli, ingawa jibu lenyewe lina kosa ndani yake, na kosa hilo ni langu.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Tumbo moja lilituzaa, na kitanda kimoja kilitulea hadi alipoolewa. Alipogunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa ulikuwa umekwisha enea. Alipigwa mionzi, akatiwa dawa, nywele zikapukutika, nasi tukaendelea kutumaini. Kisha siku moja daktari alituita, akatueleza kwa upole kwamba matibabu ya kuuondoa ugonjwa yamefikia kikomo, lakini matibabu ya kumwondolea maumivu bado yapo. Akatuandikia barua ya kwenda hospisi.

Barua ile niliipokea mimi. Niliikunja, nikaitia mkobani, na humo ikakaa siku ishirini na mbili.

Mtaniuliza kwa nini. Nilikuwa nimesikia, kama wengi wetu tulivyosikia, kwamba hospisi ni nyumba ya kupelekwa mtu akafie. Nilisikia pia kuwa dawa yao ni mofini, na masikioni mwangu mofini ilikuwa ndugu wa ule unga ulioangamiza vijana wa mitaa yetu. Nikajiuliza watu watasema nini wakisikia kwamba tumemkatia tamaa mtoto wetu, na kwamba twamlevya akiwa karibu na Mola wake. Kwa hiyo sikumwambia mama, sikumwambia mumewe, wala sikumwambia yeye mwenyewe. Nilimsomea, nikamkanda kwa mafuta, nikamwambia asubiri, kwani subira ina malipo makubwa.

Dada zangu, subira ni ibada ya yule anayeumia. Mimi sikuwa na maumivu yoyote mwilini mwangu. Nilikuwa nikimtaka mwenzangu asubiri ili hofu yangu ipate kupumzika.

Katika siku zile ishirini na mbili aliuma pindo la leso usiku ili mama asimsikie akilia. Asubuhi nilizikuta leso zimetoboka. Usiku mmoja alikuwa akisali Isha hali amelala ubavu, na kila alipoianza Fatiha maumivu yalimkatiza kabla hajaimaliza. Akaanza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwishowe akanigeukia, akasema, "Dada, sala yangu yanitoroka. Nifanyieni lolote, lakini nirudishieni sala yangu."

Kulipopambazuka niliitoa ile barua mkobani.

Yaliyofuata hayakuwa yale niliyoyaogopa. Hakuna aliyemchukua mdogo wangu kumpeleka popote. Muuguzi ndiye aliyekuja nyumbani, akavua viatu mlangoni, akaketi mkekani karibu na kichwa cha mgonjwa. Hakuanza na dawa. Alimwuliza jina lake, kisha akamwuliza ni jambo gani linalomsumbua zaidi ya yote. Mdogo wangu hakutaja mgongo wala tumbo. Alisema linalomkosesha usingizi ni kutojua nani atamsuka nywele binti yake. Muuguzi akaliandika hilo katika daftari lake, kama alivyoandika mapigo ya moyo.

Kisha akatuonyesha dawa. Mofini ile ilikuwa ya maji, chungu, hunywewa kwa kipimo kidogo. Akatufundisha kuitoa kila baada ya saa nne, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na kile cha saa nne usiku kikawa maradufu ili mgonjwa alale hadi asubuhi. Akasisitiza kuwa tufuate saa na tusingoje maumivu yarudi, kwani maumivu yakishapanda ni kama moto uliokwisha shika makuti, kuuzima ni kazi. Akatupa na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo, na akatuonya kuwa huenda akasinzia siku mbili tatu za mwanzo, kisha mwili utazoea. Nilimwuliza kwa kunong'ona kama dawa ile itayaharakisha mauti. Alinijibu kuwa ikitolewa kwa kipimo kinachofaa haiui, na kwamba kinachomchosha mgonjwa hadi akashindwa kula na kulala ni maumivu yasiyotibiwa.

Bado moyo wangu haukutulia. Nilimwendea sheikh wa msikiti wetu nikamweleza yote. Naye alinijibu kwa swali: "Tangu aanze dawa hii, akili yake imeondoka au imemrudia?" Nikamwambia imemrudia. Akasema dawa iliyopimwa na tabibu kwa mgonjwa mwenye haja nayo haina hukumu moja na kileo anachokitafuta mtu kwa starehe, na kwamba kumwondolea Muislamu dhiki ni miongoni mwa mambo yanayopendwa mno na Mwenyezi Mungu.

Siku ya nne mdogo wangu aliketi, akaomba kaimati. Usiku ule akasali Isha akiwa ameegemea mito, akaimaliza Fatiha, akaimaliza sala, akatoa salamu kulia na kushoto. Mama alikuwa mlangoni. Hakusema neno, alifunika uso kwa leso.

Baada ya siku hiyo aliishi majuma saba. Katika majuma hayo aliandika wasia wake. Alilipa deni la duka la vitambaa. Alihesabu siku za Ramadhani alizokuwa akidaiwa, tukamtolea fidya. Alimwita wifi yake ambaye hawakuwa wakisemezana, wakaombana radhi wakilia. Akamfundisha binti yake kujisuka mkia mmoja. Mauti hayakuahirishwa hata kwa saa moja, kwani ajali haicheleweshwi. Ila alipofikiwa alikuwa amekwisha kujiandaa, na ulimi wake ulikuwa huru kwa shahada. Mara nyingi najiuliza angefanya mangapi katika zile siku ishirini na mbili nilizozikalia mkobani.

Nimejifunza baadaye kwamba hospisi, kwa maana tunayoijua leo, si kongwe sana. Mwanamke wa Kiingereza aitwaye Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kwanza, kisha mhudumu wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari kwa sababu ya wagonjwa hawa hawa, alifungua Hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967. Alifundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa zake, mgonjwa asingoje hadi aipiganie. La pili ni kwamba maumivu ya mtu anayekaribia mauti hayamo mwilini pekee, bali yamo pia moyoni, katika roho yake, na katika jamaa zake. Ndiyo maana muuguzi wetu aliliandika suala la nywele za mtoto. Hapa Kenya, Hospisi ya Nairobi ilianza kazi mwaka 1990, na leo huduma hiyo, ambayo wataalamu huiita tiba shufaa, imefika pia kwetu pwani. Wala isidhaniwe kuwa ni jambo geni kwa Waislamu. Bi Rufaida al-Aslamiya (R.A.) alikuwa na hema lake karibu na msikiti wa Madina akiwauguza majeruhi, na Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq alipelekwa humo, naye Mtume (S.A.W.) akawa akimzuru.

Mdogo wangu alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilikuwa miongoni mwa waliomuosha. Mwili ulikuwa mwepesi kama wa mtoto.

Siku tatu zikapita. Mnajua kwamba sharia yetu imempa mjane miezi minne na siku kumi, lakini aliyefiwa na ndugu hana eda. Imepokewa kwamba Bi Zaynab bint Jahsh (R.A.), mke wa Mtume, alifiwa na kaka yake. Akaagiza manukato, akajipaka, akaeleza kuwa hana haja nayo, ila amemsikia Mtume (S.A.W.) akisema juu ya mimbari kuwa si halali kwa mwanamke muumini kumkalia maiti matanga zaidi ya siku tatu, isipokuwa mume. Zamani niliisoma hadithi hii nikaona ni amri tu. Nilipofiwa niliusikia moyo wa mwanamke ndani yake. Hakuwa na haja na manukato. Huzuni ilikuwa ingalipo. Alichokifanya ni kuunyoosha mkono wake akauelekeza kwenye uhai, huku moyo ukiwa bado kaburini kwa kaka yake.

Siku ya nne nami nilijipaka udi, nikapika, nikafagia. Lakini iko saa moja iliyonishinda. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa dawa ya kwanza, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye rafu kutafuta chupa. Kila siku hivyo hivyo. Nikawa siwezi kuwa ndani ya nyumba saa hiyo. Nikisha kusali alfajiri natoka, natembea. Napita Ngome ya Yesu, nashika njia ya Kizingo hadi kwenye mibuyu ya Mama Ngina, natazama meli zikiingia Kilindini, narudi. Siku moja, bila ya kukusudia, nilikimbia kutoka nguzo moja ya taa hadi ya pili. Pumzi ilinikata, kifua kikawaka, lakini kwa muda wa nguzo ile moja sikuisikia ile saa. Kesho yake nikakimbia nguzo mbili.

Yalisemwa maneno. Kwamba udongo wa kaburi haujakauka nami naruka barabarani. Kwamba mwanamke wa makamo hana staha. Nilimwomba mume wangu ruhusa, naye tangu hapo hunifuata nyuma kwa baiskeli, akilalamika kwamba nakwenda polepole mno, baiskeli yataka kuanguka. Nguo yangu ni kanzu pana ifikayo magotini, suruali isiyobana na mtandio mwepesi wa pamba. Na kwa wale walionitaka dalili, niliwakumbusha kwamba Bi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) akamshinda, na baadaye alipokwisha kunenepa wakashindana tena naye akashindwa, Mtume akacheka akamwambia kuwa sasa wamelipana.

Hata hivyo, aliyenikaa zaidi moyoni ni Bi Hajar. Katika saayi, kati ya zile taa za kijani, wanaume ndio wanaokimbia nasi wanawake twatembea. Lakini aliyeukimbia ule mwendo mara ya kwanza alikuwa mwanamke. Alikimbia bondeni kwa sababu mtoto alikuwa na kiu, mara saba baina ya Safa na Marwa. Nanyi mwajua maji yalitoka wapi. Hayakutoka Safa wala hayakutoka Marwa. Yalitoka pale alipokuwa mtoto. Mbio za Bi Hajar hazikuyachimba maji. Maji ni ya Mola. Kazi yake yeye ilikuwa ni kutokaa kitako mbele ya kiumbe mwenye kiu. Mimi nilikaa kitako siku ishirini na mbili.

Jamaa yetu mmoja anayeishi London ndiye aliyenipa njia. Aliniambia kwamba huko hospisi nyingi huendeshwa kwa michango ya watu, na kwamba marathoni ya London, ambayo ilianza mwaka 1981, hukimbiwa na maelfu ya watu kwa ajili ya kuchangisha fedha za sadaka. Wengi huvaa picha za ndugu zao waliofariki. Nikawaza: kwa nini isiwe kwetu?

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Kipimo hiki cha ajabu kilitokana na Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 1908, mbio zilipoanzia katika kasri la Windsor na kuishia mbele ya jukwaa la wafalme, na mwaka 1921 ndipo kilipofanywa kipimo rasmi. Nilichukua karatasi nikaandika nambari 1 hadi 42. Kila nambari nikaitafutia aila moja, itoe sadaka kwa hospisi kwa niaba ya maiti wao, nami niikimbie kilomita ile nikimwombea dua maiti huyo kwa jina. Fedha hazikupita mikononi mwangu. Kila mtu alizipeleka mwenyewe kwa mhasibu wa hospisi akapewa risiti, maana amana ni nzito na ulimi wa watu ni mrefu. Waliotaka kutoa zaka niliwaambia wamwulize sheikh kwanza, kwa kuwa zaka ina mafungu yake manane; sadaka mlango wake ni mpana.

Karatasi ilipojaa nilimpelekea mama. Alishusha kidole kwenye orodha, jina baada ya jina, akafika mwisho. Akauliza, "Na hizo mita mia moja tisini na tano zilizobakia ni za nani?" Nikamwambia sijampa mtu. Akafungua fundo la leso yake, akatoa noti zilizokunjwa mara nne. "Hizo ni zangu," akasema. "Ukifika hapo, usikimbie kwa haraka."

Nilikwenda Nairobi, ambako marathoni ilianza kukimbiwa mwaka 2003. Mtu wa pwani akimbie mjini uliopo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, huo ni mtihani. Pumzi ya huko ni nyembamba. Hadi kilomita ya ishirini nilikimbia. Baada ya thelathini nilitembea zaidi ya nilivyokimbia, vidole vya miguu vikitoka damu, na mzee mmoja mwenye mvi akanipita akinipa pole. Lakini karatasi ilikuwa kifuani na kila kilomita ina mwenyewe, kwa hiyo sikupata nafasi ya kujihurumia. Wenzangu walikuwa wamekwisha kuoga na kula nilipouona mwisho. Mita zile za mama nilizikimbia polepole, kama alivyoniagiza.

Nimekimbia marathoni tatu hadi leo. Karatasi ya tatu ilijaa kabla sijaitangaza. Fedha hizo hununua mambo madogo: mafuta ya gari la muuguzi, bandeji, magodoro ya kuzuia vidonda vya mgongoni, nepi za watu wazima, na ile dawa chungu ya maji. Mwenye afya hatayaona kuwa ni makubwa. Mwenye mgonjwa ndani atajua.

Nimewahi kujiuliza kama haya si riyaa, mtu kutoka mbele ya watu akatajwa. Nimemwomba Mola anisafishie nia, na nimeona bora nionekane kuliko hospisi kukosa mafuta ya gari. Na nikiri jambo jingine. Kukimbia hakujafuta kosa langu. Nilimwomba mdogo wangu radhi kabla hajafariki, nikamwonyesha ile barua na tarehe yake. Aliitazama kwa muda, akaniambia, "Nimekusamehe, dada. Lakini usimwache mwingine." Hilo ndilo neno ninalolikimbilia. Basi, jirani yangu mpenzi, simkimbii mtu. Kuna wosia nimepewa na bado sijaumaliza.

Nanyi msomao hapa, si lazima mvae raba. Ikiwa nyumbani kwenu yumo mgonjwa anayeumwa usiku, na daktari amewatajia hospisi, msiikunje barua. Kuipokea si kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Mgonjwa anaweza kuendelea kuombewa, kusomewa na kutibiwa huku maumivu yakitulizwa. Mwulizeni mgonjwa mwenyewe anataka nini, kabla ya kumwamulia. Na kama mmefiwa na ndugu, siku tatu zimepita na watu wamerudi makwao, mapenzi yaliyobaki yapelekeni kwa mgonjwa aliye hai. Mpelekee uji. Msomee. Mfulie shuka. Msuke binti yake. Mimi wangu humsuka kila Alhamisi usiku, mikia miwili sasa, na huniambia mamake alikuwa akivuta kwa upole zaidi.

Mola awarehemu ndugu zetu waliotutangulia, ayafanye makaburi yao kuwa bustani katika mabustani ya Peponi, awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, na atujaalie sote mwisho mwema. Amin.

Tukutane Ijumaa ijayo, insha'Allah. Wabillahi tawfiq.